Tomo

Saa tisa na dakika kumi na moja za usiku
nilikuwa Malindi, zamuni, kahawa imepoa,
visikizio vimenibana masikio hadi yanauma,
ndipo kituo cha Lamu kikagonga.

Hayakuwa makundi ya herufi tano tano,
wala tarakimu za ufunguo wa siku ile.
Maneno mawili tu, mkono ukikimbia:

TOMO. NGOMLA.
TOMO. NGOMLA.
TOMO. NGOM

Nikayapitisha kwenye jedwali la Jumatatu.
Nikayapitisha kwenye la Jumapili, labda wamesahau kubadili.
Nikahesabu: O mara tatu, M mara mbili,
kama nilivyofundishwa, kama nilivyofundisha wengine.
Saa tisa na nusu nikaandika daftarini kwa wino mwekundu:
*Ujumbe haueleweki. Huenda ni kelele za hewa.*
Nikatia sahihi.
Mwandiko wangu ni mzuri. Unasomeka hadi leo.

Mimi ni Mkamba wa Kibwezi.
Utotoni siri zetu tulizinong'ona tu.
Sikujua kwamba katika vichochoro vya Langoni
watoto hulivunja neno kama muwa,
kipande cha mwisho wakakitanguliza,
wakapita mbele ya mama zao wakipanga kuiba halua,
na mama zao, waliokuwa watoto vilevile,
wakajifanya hawasikii.

Aliyenifumbulia ni Mwanatumu, dada yake Famau,
siku ya arubaini, jikoni kwao, akichambua mchele.
Nilimwandikia zile herufi nyuma ya risiti ya boti,
jambo nililokula kiapo nisilifanye.
Hakutazama mara mbili.
"Moto," akasema. "Mlango."
Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa,
akaendelea.

Husemwa fumbo mfumbie mjinga.
Miaka kumi na minne nimelipwa mshahara wa mwerevu.

Walikuwa watatu mle chumbani, nyuma ya matuta ya Shela.
Famau Shekue, mla mabuyu,
droo yake imejaa mbegu nyekundu zilizonyonywa.
Dama Katana wa Marafa, aliyesema kila kidole kina lafudhi:
angesikia nukta tatu za meli asiyoijua
akakwambia, "Huyu leo kalala vibaya."
Barasa Makokha, likizo yake inaanza asubuhi,
begi chini ya meza, ndani yake gauni la mtoto
lenye bei bado shingoni.

Na karatasi. Karatasi hadi darini.
Na mlango wa chuma, uliotengenezwa kwa ajili ya siri,
si kwa ajili ya watu.

Wenyeji walikuja na ndoo.
Wakafika kwenye ua wa waya, penye kibao: USIKARIBIE.
Miaka yote walikuwa wakikitii. Wakasimama.
Mmoja, muuza samli, alikiruka akaungua viganja.
Yeye hakupewa cheti.

Nawe Famau, ulikuwa na nafasi ya neno moja wazi.
Moto. Herufi nne, hata mwanafunzi angeelewa.
Lakini kanuni ilikuwa ukutani, mbele ya macho yako:
*Lisitumwe neno wazi hewani, kwa sababu yoyote.*
Jedwali linaungua, moshi umeshuka hadi kifuani,
ukachukua siri pekee iliyobaki mkononi,
ile ya miaka sita, ya halua.
Ukanipa mimi.

Jeshi liliweka jiwe. *Walifariki kazini.*
Majina hayapo, kwa kuwa kazi yao haipo.
Hata mwaka umechongwa mdogo, kama unaona haya.

Kwa hiyo nimejifunza, uzeeni, lugha ya watoto.
Mwanatumu hunisahihisha kwa simu, hucheka, halafu hunyamaza.
Kila mwaka, saa tisa na dakika kumi na moja,
nasimama mbele ya jiwe lile lisilotaja mtu
nasema kwa sauti, askari wa lindo akisikia
na asijue pa kuandika:

Ufama.
Mada.
Sabara.

Henisame.